Chekundu Hakishindwi

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kikao cha chama chetu cha uwekezaji. Ofisi ya mke wangu ya kuchapa, baada ya wateja kuondoka. Ajenda moja: akiba yetu yote inunue hisa za kampuni ipi. Kampuni mbili zinagombea kuirithi flopi, ile diski nyembamba ya kuhifadhia kazi za kompyuta. Moja inatengeneza kisanduku chekundu, nyingine cha buluu. Unakichomeka kwenye kompyuta, unatumbukiza diski nene kidogo, nayo inameza kazi ya flopi kabati zima. Mimi, mwenyekiti, ni mtu wa chekundu. Shemeji, kaka yake mke wangu, ni wa buluu. Angechagua chekundu, ningekitafutia dosari hicho hicho.

Shemeji akadai cha buluu kinasoma na flopi za zamani, kwa hiyo watu hawatatupa walivyo navyo. Nikamjibu kwamba anayebeba makorokoro ya jana hafiki kesho. Makofi. Yangu. Fundi picha, mwanachama mwenzetu, akauliza mbona chekundu kinalia ta-ta-ta. Nikasema hiyo ni kasi. Daktari wa meno, mweka hazina wetu, akasema kwake kitu kikianza kelele hung'olewa. Wakacheka. Mke wangu ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Tumekubaliana Jumamosi vishindanishwe mbele ya wanachama wote. Nikatangaza kwamba chekundu kikishindwa, naachia kiti. Hakuna aliyeniomba. Wote walipokea haraka mno.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaja na kisanduku cha buluu. Zawadi kwa dada yake, eti. Kakifunga kwenye kompyuta ya ofisi bila hodi kwa mwenye nyumba. Mke wangu kashukuru mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikauliza changu kitakaa wapi. Akanionyesha nafasi karibu na birika.

Kabla ya kuondoka, Shemeji akamuusia dada yake asiweke diski karibu na spika, maana sumaku hufuta kila kitu. Mimi nilikuwa nimejifunika gazeti. Adui mwenyewe kanikabidhi mkuki.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu alikwenda kununua karatasi. Nikaichukua diski ya buluu, nikailaza juu ya spika kubwa ya redio yangu, pale pembeni ya ofisi. Nikafungulia taarifa ya habari kwa sauti ya juu ili sumaku ichangamke. Jirani akagonga ukuta. Nikavumilia mpaka hali ya hewa. Kisha nikairudisha diski mahali pake, nikakaa nikipiga mluzi. Mke wangu aliporudi aliuliza kuna nini. Nikasema nampenda. Alizidi kunitilia shaka.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya siku. Nilianza mimi. Nilikuwa nimeweka picha yangu kwenye diski ya chekundu, nikiwa na tai. Ta-ta-ta. Picha haikutokea. Nikawaambia kinatafakari. Fundi picha akasema kwa sura ile hata yeye angetafakari.

Zamu ya Shemeji. Akatumbukiza diski. Tupu! Nikasimama kutoa hotuba ya sare. Nilifika kwenye neno "umoja" nikaona hakuna anayenitazama. Wanamtazama mke wangu. Kashika meza kwa mikono miwili.

Ndani ya diski ile kulikuwa na kitabu kizima cha daktari wa meno. Mke wangu alikichapa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, katikati ya kazi za wateja, na Jumatatu kinatakiwa kiwandani kupigwa chapa. Alikihamishia humo kwa sababu kompyuta ilijaa. Ilijaa michoro yangu ya kuutetea uchumi wa chekundu.

Kisha akaiendea spika. Huwa haiguswi, nimepiga marufuku, na vumbi limelala juu yake. Katikati ya vumbi palikuwa na alama safi ya mraba. Akachukua diski, akaiweka hapo. Ikaenea sawasawa.

Nilijaribu kumtaja paka. Hatuna paka.

Jumapili, 9 Machi
Kiti kimeenda kwa Shemeji. Njama tupu.

Mke wangu kaniambia, kwa sauti ya chini ninayoiogopa kuliko kelele, kwamba daktari alilia pale mlangoni. Kitabu kile anamwandikia marehemu mama yake, aliyeogopa kung'olewa jino mpaka usaha ukampanda kichwani. Anataka mwenye woga kama ule akisome kabla hajachelewa. Niliona aibu. Niliiona kweli, mpaka nikafika nusu ya sahani yangu.

Hukumu: kiwanda kimekubali kusubiri mpaka Ijumaa jioni. Baada ya hapo mashine inapewa mtu mwingine, na kitabu kitangoja mwaka ujao. Kwa hiyo nakichapa mimi, kutoka kwenye mswada wa mkono. Mwandiko wa daktari. Nimesema kila kitu.

Jumatano, 12 Machi
Vidole viwili vimevimba. Nimefika sura ya ufizi. Sikujua binadamu ana ufizi mwingi hivi. Mke wangu analeta chai. Leo kasimama nyuma yangu, kanisahihisha herufi, kisha akaacha mkono begani kwangu kidogo. Kaniusia: nikimaliza, nihifadhi kwenye kompyuta, kwenye flopi, na kwenye buluu, halafu nitoe na karatasi. Mayai hayawekwi kapu moja. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakijasaini kitu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemaliza! Sura zote, mpaka shukrani. Jina langu halimo. Nimeliongeza.

Mke wangu kaenda kumleta daktari. Shemeji naye anakuja, na mtu wa kiwandani. Niko peke yangu na kitabu. Nimefikiri sana. Nikikiweka kwenye buluu, nimesalimu amri kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikiweka kila mahali, nani atajua kilichokiokoa?

Nimekiweka kwenye chekundu. Peke yake. Kisha nimekifuta kwenye kompyuta, ili pasiwe na ubishi. Mswada nimeurarua, niliudai fidia ya vidole. Leo wataona, na Jumatatu nitakidai kiti changu.

Nawasikia kwenye ngazi. Daktari anacheka, mara ya kwanza wiki hii. Nimetumbukiza diski ili wakute tayari. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta. Leo kina kasi kuliko siku zote.