Kikohozi cha Marehemu

Kutoka kwa Kandida Amedeus, fundi cherehani, Ifakara.

Kwa Ndugu Stanislaus, Mwenyekiti wa Kijiji.

YAH: BWANA MASANJA SHILINDE KUJIFANYA BABA YANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Najua una kazi nyingi, hasa msimu huu ambao ng'ombe wa watu wanatembelea mpunga wa watu, lakini nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujaanza kucheka.

Kama ujuavyo, maana wali wa msiba uliula na wewe, baba yangu Mzee Amedeus alifariki ghafla. Asubuhi alijaza baiskeli upepo ili aende Lupiro, akarudi ndani kuchukua kofia, akaanguka mlangoni. Hakuugua wala hakuaga. Baiskeli bado imeegemea ukuta na matairi yamejaa vilevile. Kwa hilo sina wa kumshitaki, kwa hiyo namshitaki Masanja.

Chanzo, samahani, ni wewe. Ng'ombe wa Masanja walipoingia shambani kwa baba na kula mpunga uliokuwa ukichanua, uliwakuta wazee hawa wawili wameshikiana panga na fimbo. Badala ya kutoza faini kama viongozi wenzako, ukawaambia, "Kuanzia leo ninyi ni watani. Atakayenuna ndiye mkosaji." Mndamba na Msukuma! Utani huo hatukuurithi kwa babu yeyote, uliutoa wewe mfukoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya mazishi, jeneza likiwa limefika, Masanja alishuka kaburini akajilaza. Akasema shimo limechimbwa kwenye njia ya ng'ombe wake na hatoki mpaka apewe jogoo. Akaongeza kwamba marehemu amekufa makusudi ili kumkwepa, kwa kuwa alijua mwaka huu ng'ombe wanakuja wengi zaidi. Padri alisubiri. Jogoo akatolewa, yule yule aliyekuwa akituamsha.

2. Kamati ya mazishi, chini ya mjomba Kelestini wa Malinyi, ilikuwa imeshapanga gharama kwa ustadi mkubwa. Turubai, viti vya kukodi, spika za muziki ambao baba hakuwahi kuupenda, na chakula cha wanakamati wenyewe, ambao huzuni iliwatia njaa ya ajabu. Ili yote yawezekane, ilikubalika tuuze baiskeli na tupike mpunga wa mbegu. Ndipo Masanja akaingia uani na dume la ng'ombe, akatangaza, "Huyu ndiye aliyekula mpunga wa marehemu. Na ninyi mleni." Mbegu ikabaki ghalani, baiskeli ikabaki ukutani. Sasa niambie, Mwenyekiti, mtu aliyekuokoa hivyo utamchukiaje kwa raha? Huko ni kunivuruga kwa makusudi.

3. Alivaa koti la baba la kaki, nililolishona kwa mikono yangu kwa vipimo vya mtu mwembamba. Masanja si mwembamba. Mshono wa mgongoni ulifumuka mbele ya waombolezaji wote, nami ni fundi mwenye jina mjini.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu baba aanguke, mama yangu Balbina hakusema neno. Hakulia wala kuonja uji. Tulimsihi sisi watoto, padri akamsihi, mjomba Kelestini akamhutubia kwa spika. Hakutuona hata mmoja. Masanja akaketi kwenye kigoda cha baba, koti likiwa limechanika, akakohoa. Alikohoa kikohozi cha baba hasa, viwili vifupi na kimoja kirefu, kisha akaita, "Balbina! Chai iko wapi, au majani yamekwenda kuolewa?" Na mama, kutoka ndani, akajibu, "Tulia wewe, maji hayajachemka."

Uwanja mzima uligeukia mlangoni. Kisha mama akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chake chote, na alipomaliza akaomba uji. Mjane alicheka msibani, Mwenyekiti! Nami mwanawe wa kwanza, niliyelala naye mkeka mmoja, sikuwahi kupewa hata "tulia wewe". Iliniuma na bado inaniuma.

5. Baada ya arobaini nilidhani mambo yamekwisha. Wapi! Kila jioni Masanja anakuja, anavaa koti, anakohoa, anatukana chai, na mama anamjibu na kula. Majirani wameanza kusema. Juzi nilimwambia asikanyage tena kwetu, akaniitikia kwa adabu, jambo lililonikera zaidi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Masanja azuiwe kabisa kufika nyumbani kwetu. Mkutano wa kijiji ufute utani wote, na watani waliokwisha kutaniana warudishe vicheko. Mkazi yeyote mwenye kikohozi kinachofanana na cha marehemu atibiwe au ahame. Na ikiwa Masanja atashikilia kwamba yeye ni baba yangu, basi awe baba kamili: alime, aezeke jiko aliloahidi tangu masika ya mwaka juzi, alipe michango ya kanisa, na anieleze ni kwa nini aliondoka bila kuniaga.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, na wajumbe wote wa serikali ya kijiji, pamoja na wale waliokula nyama na sasa wanasema ilikuwa ngumu.

Ni mimi niliyekosewa, lakini adabu ninayo bado,

Kandida Amedeus

Nyongeza: Masanja ametii. Tangu nilipomfukuza hajaonekana, na mama amerudi kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Uji naupeleka, uji naurudisha. Jana jioni nilivaa koti mimi mwenyewe, nikaketi kwenye kigoda, nikakohoa viwili vifupi na kimoja kirefu. Mama akaniambia nikanywe dawa. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yaache, na barua hii ikikufikia kabla ya saa ya chai, tafadhali tuma mtu kwa Masanja. Aje leo. Koti nimelipanua mgongoni, litamtosha.