Kadi ya Bonifas

Jumatatu, 4 Oktoba 1993, Kilosa

Surua imeingia Tindiga. Mke wangu Yudith hana raha. Imani wetu ametimiza miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua. Chanjo za mwanzo alipata Ndola, kabla hatujarudi kutoka Zambia, na kadi yake ni ya huko. Jirani yetu Mathias, muuza mitumba, anasema kadi ya nje hapa haitambuliki. Mtoto ataanzishwa upya, sindano zote. Yudith anasema twende kliniki tukaulize kwanza. Kuuliza ni kwa watu wasio na mipango.

Jumanne, 5 Oktoba

Mpango umekamilika. Mathias ameniletea kadi ya hapahapa nchini, ya mtoto wa dada yake wa Rudewa. Jina: Bonifas. Nilimwuliza kama mwenyewe haihitaji. Akasema haihitaji tena, huku akikunja suruali zake bila kuniangalia. Sikuendelea kuuliza. Yudith nimemwambia apumzike, kliniki nitaenda mimi. Amenishukuru sana. Wanawake wangapi wana mume kama huyu?

Jumatano, 6 Oktoba

Mwanamume peke yangu benchini. Akina mama walinisogezea nafasi kwa huruma, kama mtu aliyefiwa na mke. Imani alikuwa analia tangu nyumbani.

Nesi Tumwagile akaita, "Bonifas."

Imani akanyamaza palepale. Akageuza shingo, akamtazama nesi kama mtu aliyeitwa. Nikafurahi. Hata mtoto anashirikiana.

Nesi akampima, akatazama kadi, akasema mtoto huyu ni mkubwa kuliko kadi yake. Nikamjibu anakula vizuri. Akasema kwa kadi hii umri wa surua bado, nimrudishe miezi ijayo. Tarehe za kadi sikuwa nimezisoma.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua dawa akainuka polepole, akauliza ameitwa nani. Nesi akarudia jina, na la baba, na la kijiji.

"Huyo nilimzika mwezi wa nane," mama akasema. Sauti ya kawaida kabisa.

Imani akamnyooshea mikono. Huyu ambaye hata bibi yake akimbeba analia. Mama akampokea, akamnusa shingoni, akafumba macho, akanirudishia. Ndiye Salome, dada yake Mathias. Nesi akamkabidhi kadi ya mwanawe. Mimi Salome hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 7 Oktoba

Yudith amesikia yote kwa akina mama wa benchini, leo amekwenda mwenyewe na kadi ya Ndola. Nesi amesoma tarehe zote, kasema chanjo za kule zinahesabika, hakuna kuanza upya, tunaendelea pale zilipoishia. Imani kachanjwa surua. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha. Yudith hajasema nami tangu arudi.

Mathias nimemkabili. Anasema alidhani nimeelewa.

Mchana Salome alikuja. Shikamoo ya Yudith aliipokea, maji akakataa, akaketi kibarazani bila kuomba kitu. Kabla hajatokea njiani, Imani alikuwa ameshautazama mlango muda mrefu. Alipoondoka, Yudith alimwita mtoto kwa jina lake. Hakugeuka. Akamwita tena, mpaka sauti yake ikakatika, akaingia ndani kulia. Mimi nikajaribu lile jina jingine, taratibu.

Akacheka.

Sikumwambia Yudith.

Jumapili, 10 Oktoba, Mikumi

Yudith alikataa kulala tena Kilosa. Tumehamia kwa kaka yake hapa Mikumi. Mimi nimekubali kwa sababu za kibiashara.

Salome huku haji. Hata hivyo ikifika mchana Imani huutazama mlango. Jana Yudith aliufunga. Mtoto akaendelea kuutazama, akifuata kwa macho kitu kinachoingia, kinapita katikati ya chumba, kinakaa. Kaka yake Yudith anasema ni nzi. Nzi sikumwona.

Lakini siku haikuwa mbaya. Baada ya ibada nimesikia kuna watu wa kanisa wanaogawa maziwa ya unga kwa wazazi wa mapacha. Nimekaa nikafikiri. Mtoto ninaye. Majina mawili ninayo. Kesho nakwenda kuwaandikisha wote wawili. Yudith atajua maziwa yakishafika.

Jioni hii nimemfanyisha mtoto mazoezi. Nimeita Imani, amegeuka, siku hizi ameanza tena kuitika. Nimeita Bonifas. Mimi hakunitazama. Ametazama pembeni yake, akajikokota kidogo, akaacha nafasi kwenye mkeka, ya kumtosha mtu mdogo.

Vizuri sana. Ameuelewa mpango.