Kipara Kilichomuua Otieno

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkono wa kulia umenisaliti tena. Parkinson hii! Kete mbili za ajua, bao letu la mashimo, zimeangukia shimo la Omanga. Huyu ni jirani, mwenye ubao na mwenye mdomo. Akatangazia wazee wote wa Suna kwamba kutetemeka kumenipanda kichwani, sijui kuhesabu. Akasema Jumamosi tucheze mara ya mwisho. Nikishindwa, niache kigoda changu, niwe mtazamaji. Mimi, Wangwe! Miaka ishirini na miwili niko juu ya kigoda kile! Nikamjibu kwamba mkono unapepeta mahindi lakini akili imekaa kama jiwe. Wazee wakacheka. Upande wa Omanga.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata dawa yake. Watafiti wa Homa Bay wananiita Alhamisi kupima umeme wa ubongo wangu. Nitarudi na karatasi yenye muhuri: ubongo wa Wangwe ni mzima. Naibandika pale pale kwenye ubao.

Rael, mke wangu, alinisomea maagizo. Nioshe nywele, nisipake mafuta, nyaya zishike vizuri. Nikafikiri mbele kuliko hao wasomi. Nywele za nini? Kinyozi akaondoa zote. Kichwa kinang'aa kama sufuria ya harusi.

Rael akashika mdomo. Akasema mara ya mwisho kunyolewa hivi ilikuwa tulipomzika mama yangu, sasa watu watauliza nani amekufa. Wanawake na woga!

Alhamisi, 12 Juni
Homa Bay. Binti anaitwa Nasteha kanivika kofia ya nyaya, kanipaka ute baridi kama pua ya mbuzi. Kumbe nywele hazikuwa na shida yoyote! Akaniambia nifunge macho, nipumzike, nisiwaze kitu. Nikacheza ajua kimya kimya kichwani, ubongo uonekane mnene. Meno nimeyakaza. Mistari kwenye kompyuta ikaruka kama kuku walioona mwewe. Nikafurahi. Nasteha akasema, Mzee, huo si ubongo, hiyo ni taya. Legeza.

Akanieleza kwamba sehemu za ubongo huongea kwa umeme, na ugonjwa huu hubadilisha nani anaongea na nani. Nyingine hung'ang'ania mdundo mmoja, nyingine zinaachwa nje. Nikamwambia huo ni mkutano wa ukoo wetu kabisa. Akacheka vizuri yule mtoto.

Nikaomba karatasi. Akasema wanalinganisha watu wengi, hawatoi cheti cha ajua. Muhuri ulikuwa mezani, nimeuona kwa macho yangu! Kaninyima.

Ijumaa, 13 Juni
Kipara kimetangulia habari. Kina mama wameleta sukari. Omanga yuko langoni, kofia mkononi, anauliza tumempoteza nani.

Wallahi nilifungua mdomo niseme kweli. Lakini akaongeza kwamba mfiwa hachezi ajua, kigoda kibaki changu, mashindano yasahaulike. Mdomo ukajifunga. Ukafunguka upya: Otieno, binamu yangu wa Sindo. Ghafla tu!

Omanga akalia. Machozi ya kweli! Sikutegemea. Ndani, Rael anagonganisha sufuria.

Jumamosi, 14 Juni
Saa nne, nimekalia kigoda, nakunywa chai ya matanga. Nani anaingia? Otieno, na furushi la omena, dagaa wa ziwani. Amepokea simu sita za rambirambi. Akauliza anazikwa lini, na kama watakula kuku.

Omanga alicheka hadi akaketi chini. Kisha akafuta macho, akatoa ubao. Tunacheza sasa hivi, Jaduong', mzee wangu, akasema. Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa unapepeta. Nikasema sitaki. Omanga akautazama pia. Halafu akasema nitaje shimo tu, kete ataniwekea yeye.

Nikataja. Akaweka. Nikahesabu hadi kete ya mwisho, sikukosea hata moja. Nimemshinda kwa kete nne! Wazee wakapiga makofi. Otieno pia, marehemu.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani mhubiri alisema juu ya uongo, akinitazama mimi. Rael akanikanyaga mguu, nikaitikia amina.

Omanga anataka marudiano Jumamosi ijayo. Anafanya mazoezi, nimemchungulia. Ni hatari.

Na kipara bado kinang'aa. Kipotee bure? Nina binamu mwingine, yuko Awendo. Hana simu.