Prezida wa Pori na Mama Mkwe Wake

Placide wa Lweba ndiye mtu pekee ulimwenguni aliyewahi kutawala pori zima kwa mgongo. Wengine hutawala kwa fimbo, wengine kwa bunduki, na miaka ile ya vita bunduki hazikuwa haba. Yeye alitumia mgongo, na sheria iliyomfikisha huko aliitunga kwa kinywa chake mwenyewe.

Placide alikuwa mvuvi asiye na mtumbwi. Askari waliuazima kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ilikuwa inaingia mwaka wa tatu. Kila asubuhi alikaa ufukweni akihesabu samaki wa wenzake, kisha anarudi nyumbani kula sombe kavu, majani ya muhogo yasiyo na samaki. Lakini juu ya kilima, ndani ya pori la kijiji, kulikuwa na mvule mmoja mnene, ulionyooka vizuri. Machoni pa Placide ule haukuwa mti. Ulikuwa mtumbwi uliosimama wima, ukimngoja.

Ndipo akaja bwana Raphaël wa shirika moja la Uvira, na daftari lake na kofia yake. Akakusanya watu ndani ya kanisa.

«Kinshasa iko mbali,» akasema. «Uvira nayo iko mbali. Kuanzia leo pori iko yenu. Njo nyinyi benyewe mutachagua komite, mutatunga sheria, na hakuna muti utakatwa bila ruhusa yenu.»

Watu wakapiga makofi, ingawa walishangaa kidogo kuambiwa kwamba pori walilozaliwa ndani yake ni lao.

Placide akawa prezida kwa njia rahisi: alisimama wa kwanza, akakataa kukaa.

«Mi nitachunga hii pori sawa jicho yangu,» akasema. «Hata nyani akitaka kuhama tawi, aniulize. Bwana Raphaël, andika. Hakuna muti utakatwa mupaka prezida na makamu wake basimame bote wawili kwa shina, baweke mikono, na bakubaliane mbele ya batu. Na hiyo sheria hakuna mutu wa kuibadilisha.»

Raphaël akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Makamu huyo, kichwani mwa Placide, alikuwa Norbert, rafiki yake ambaye tangu utoto hakuwahi kumkatalia kitu. Mkono wa Norbert leo, mvule kesho, samaki keshokutwa.

Ila alisahau kutazama umati. Wanaume wengi walikuwa wamekimbilia ng'ambo, Kigoma. Waliobaki wengi walikuwa akina mama, nao wakainua mikono kwa pamoja na kumchagua Mama Pulchérie, mchoma makala, yaani mkaa, mwanamke ambaye akikohoa Lweba, mbuzi wanakimbia kijiji cha pili. Na huyo ndiye mzazi wa Florentine. Na Florentine ndiye mke wa Placide.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akitokea njiani, wewe unaingia majanini. Hamsemezani ila kwa kupitia mtu. Na akikuomba kitu, humwambii hapana, hata akiomba paa la nyumba yako.

Prezida akatoka mkutanoni kwa kupitia dirishani.

Komite ikaanza kazi hivyohivyo. Mama Pulchérie na wenzake walikaa ndani ya kanisa. Prezida aliongoza kikao akiwa nje ukutani, amegeukia ziwa, mvua ikimnyeshea. Florentine alisimama mlangoni akiingiza maneno na kuyatoa. Katika miezi mitatu vikao viliahirishwa mara mbili kwa sababu ya risasi, na mara sita kwa sababu ya heshima.

Pori nalo likanawiri ajabu. Hakuna hata mti mmoja ulioanguka, maana waliotakiwa kusimama pamoja walikuwa wakikimbiana. Hata komanda mmoja alipokuja kudai mbao, alielezwa sheria ilivyo, akafikiri kidogo, akaondoka zake. Naye alikuwa na mama mkwe.

Lakini njaa ya samaki haina heshima. «Papa Eddy,» Florentine akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, «sheria njo wewe uliitunga.» Placide akakesha akiwaza, na asubuhi akawa amepata dawa: mvule ni mnene, basi makamu asimame upande wa kilima, yeye asimame upande wa ziwa.

Lweba nzima ikapanda kutazama. Mikono ikawekwa, miwili huku, miwili kule, hakuna aliyemwona mwenzake.

«Uliza makamu kama anakubali,» Placide akaliambia gome.

Florentine akazunguka shina, akarudi. «Mama anauliza, muti utakuwa nini?»

«Mutumbwi.»

Akazunguka tena, akarudi. «Anauliza, mutumbwi wa nani?»

Placide akakwangua gome kwa ukucha. «Wa... prezida.»

Safari hii Florentine alikawia. Upande wa pili akina mama walisikika wakicheka.

«Mama anasema pori iko ya bote. Anakubali muti ukatwe, lakini mutumbwi utakuwa wa bamama, wa kupeleka makala na mihogo soko ya Baraka. Na anaomba mukwe wake njo apige kasia.»

Anaomba! Angesema anaamuru, Placide angebishana mpaka jua lizame. Alimtafuta Norbert kwa macho, na Norbert, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa akitazama ndege. Placide akaegemea shina. Mtumbwi wake ulikuwa umezama kabla ya shoka kuugusa mti.

«Mwambie iko muzuri,» akasema.

Siku ya soko la kwanza mtumbwi ukashushwa majini. Placide akakaa mkiani, mahali pa mpiga kasia, na Florentine akapanda pia, awapelekee maneno. Mama Pulchérie akakaa juu ya gunia, naye akageuka kutazama mkiani, maana makala yake yalipangwa huko na hakutaka yalowe. Uso kwa uso! Placide akageuka upesi, akampa mgongo. Hivyo akawa anapiga kasia akielekea kule alikogeukia, na mtumbwi ukaondoka Lweba mkia mbele, ukienda upogoupogo.

Huko Baraka, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakasimama.

«Prezida, juu ya nini mutumbwi inakuja mukia mbele?»

Placide akainua kidevu. «Njo utawala mupya. Prezida anatangulia.»

Nyuma yake ikasikika sauti ya Florentine. «Papa Eddy, makamu anasema tumepita soko.»

Placide hakuweza kugeuka. Akatazama maji, akashika kasia, akaanza kulipiga kinyumenyume, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Lweba, mtumbwi ukaenda kichwa mbele.