Kaliba ya Kumkomesha Shemeji

Jumatatu, 16 Oktoba

Mke wangu Marva katoa hukumu akimimina kahawa. Miaka mitatu tunakula nyama ya elki (kulungu mkubwa kama ng'ombe) ya kaka yake, Clell, kama ombaomba. Nikirudi mikono mitupu msimu huu, pembe za elki wa Clell zitatundikwa sebuleni kwetu. Juu ya kiti changu! Nife kwanza.

Tatizo nalijua. Bunduki. Hii thelathini-thelathini ya marehemu baba ina karisasi kadogo, ka kutishia sungura. Clell ana magnamu, risasi nene kama kidole gumba, na darubini juu. Lazima niipate.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimemwendea Clell na pai ya tufaha ya Marva (Marva hajui). Nikamwambia, shemeji, kule kwetu misonobari imebanana, elki humwoni mpaka akukanyage. Ya nini kubeba mzinga? Chukua ya baba, nyepesi, haina makuu. Nikatoa na machozi kidogo. Akatafuna, akaniangalia, akasema haya shemeji, tubadilishane msimu huu. Ila nishushe ukuzaji wa darubini uwe wa chini kabisa, maana kule ni karibu.

Wivu huo! Nimeipandisha mpaka mwisho. Kitu cha bei ile unakitumiaje nusu? Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mazoezi. Magnamu ikapiga teke, darubini ikanichana nyusi. Damu mpaka kwenye buti. Marva akauliza kama elki wameanza kujitetea. Nikamwambia huo ndio ushahidi: ikiwa mimi wa nyuma nimeumia hivi, wa mbele je?

Jumamosi, 21 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Theluji, fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa, plasta usoni. Clell kashukia bondeni, mimi juu. Nikapuliza filimbi ya kumwita elki. Dume akajibu! Akaja akivunja matawi, akasimama karibu kiasi cha kuninusa. Mungu wangu, pembe zile! Nikaweka jicho kwenye darubini. Manyoya. Nikasogeza kushoto: manyoya. Kulia: manyoya. Juu kidogo: manyoya meupe. Shingo au makalio? Nani ajuaye!

Nikaikumbuka nyusi, nikafumba macho, nikafyatua. Nimeua msonobari. Theluji yake yote ikaniangukia kichwani. Dume akatimka bondeni, moja kwa moja kwa Clell. Pa! Mara moja tu. Sauti ya bunduki ya baba naijua tangu utotoni. Iliniuma, sikatai.

Clell akanikuta bado najipangusa. Akanishukuru kwa kumfukuzia, akasema bunduki ya mzee ni tamu, mle vichakani haina mpinzani. Kisha akanibebesha paja zima mpaka kwenye gari.

Jumapili, 29 Oktoba

Pembe zipo. Juu ya kiti changu. Clell kapigilia msumari mwenyewe, mimi nimeshika ngazi. Marva anazifuta vumbi ambalo halijafika.

Nimekaa chini yake nikatafakari kosa langu. Nimelipata! Kaliba, yaani unene wa risasi. Magnamu ni ndogo mno. Risasi ingekuwa nene zaidi, ingeupita ule msonobari na kumkuta elki nyuma yake. Kuna jamaa mjini ana bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya tembo. Hakuna mwingine Montana nzima. Darubini yake ndefu kama mkono wangu.

Nimemwomba Marva aoke pai ya tufaha. Kauliza ya nani. Nimesema yangu.