Dawa ya Chelimo na Utumbo wa Sungura

Dorcus hata kikapu cha majani chai hakuwa amekitua.

"Mmesikia? Dawa ya tumbo ya marehemu Chelimo inapimwa chuo kikuu leo! Wamekata utumbo wa sungura, wakautundika na uzi ndani ya maji vuguvugu!"

Ndiyo maana pale kituo cha kununulia chai, karibu na Kapkatet, walimwita Redio.

"Na sungura mwenyewe?" akauliza Kipngeno, aliyejipa cheo cha Gavana.

"Alishaenda."

"Sasa utumbo bila mwenyewe utajuaje unaumwa?"

"Wanautilia kitu, unajikunja. Uzi unavuta kalamu, kalamu inachora milima. Dawa ikiingia, ikiwa ya kweli, inachora tambarare."

"Umening'inia kama kikapu changu kwa mizani ya karani?"

"Ndio."

"Basi utaibiwa kilo mbili!"

Wakacheka, ila Kiptanui, mume wa Chelimo, waliyemwita Kimya. Tangu mazishi, watu walikuwa wakinong'ona kwamba marehemu aliwachemshia mizizi isiyotibu chochote. Kimya alikuwa ameipeleka dawa chuo kikuu mwenyewe, ili mashine isiyomjua mtu iseme ukweli.

Simu yake ikalia.

"Weka spika, boiyo, mzee wetu!" Gavana akaamuru. "Hii ni mali ya umma!"

Alikuwa daktari Christabel wa maabara. "Mzee, dawa imetuliza utumbo kabisa."

Redio akapiga vigelegele.

"Lakini tulitia maji matupu kwenye kibuyu ulicholetea dawa. Nayo yameutuliza utumbo vilevile."

Wote wakamgeukia Kimya.

"Umepeleka dawa maabara na kibuyu cha mursik?" Oketch, mtu wa ziwani, mchochea boila wa kiwanda cha chai, akashika kichwa. "Kile cha maziwa, kimepakwa mkaa ndani? Sasa nani ametibu, mzizi ama mkaa?"

"Wewe ungepeleka na sufuria ya samaki, nyamaza!" Gavana akamkata.

"Chelimo hakuweka dawa kwa plastiki," Kimya akasema polepole.

"Na huo mkaa alipaka nani?" akauliza Oketch.

"Yeye."

"Basi kesi imeisha!" Oketch akasema. "Mzizi ukishinda, Chelimo. Kibuyu kikishinda, Chelimo!"

"Mzee," daktari akaendelea, "tuletee dawa nyingine kwa chupa safi. Hiki kibuyu tutakisugua vizuri tukurudi..."

"Usioshe!"

Kimya alikuwa amesimama, kikapu chake kimepinduka, majani yote chini. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Usioshe, mama. Alikipaka mwenyewe. Nakuja kukichukua vile kilivyo."

Lori la kubeba chai likapiga honi. Gavana tayari alikuwa amepiga magoti, akiokota majani ya Kimya.

"Karani, ngoja hapo!" akafoka. "Na kesho usitutafute. Tunaenda chuo kikuu wote, kulinda kibuyu!"