Mnazi wa Bi Tawakali na Kalkuleta ya Mwalimu Valerian

Sikilizeni, enyi wa Rasbura na mlio mbali, tulizeni vinu, mjue jinsi Mwalimu Valerian, simba wa hesabu, mstaafu asiyestaafu, alivyoushinda mnazi bila kuugusa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, biashara imefunguliwa na bidhaa zimeingia Lindi kama nzige. Katika ua wa Bi Tawakali mnazi mkongwe ulikuwa umekufa kichwa, na nafasi pekee ya kuuangushia ilielekea jiko lake. Toka shinani hadi ukuta wa jiko zilikuwa mita kumi na saba na nusu. Urefu wa mnazi hakuna aliyeujua, na wakataji walikwisha kunoa shoka.

Akajitokeza Romani, shemeji yake Valerian, na kalkuleta mpya inayong'aa, akamwambia mwalimu ile ya kwake aizike. Akabonyeza kitufe cha tanjiti, kile kigeuzacho pembe kuwa kimo. Kitufe kikazama, kisirudi tena. Valerian, aliyeapa moyoni kutomcheka shemeji, alitazama vidole vya miguu yake mpaka uso ukatulia.

Ndipo alipochomoa alani silaha yake, kalkuleta ya mwaka sabini na tisa, iliyokwisha kuanguka toka paa la shule, kulowa masika na kukaliwa na mkaguzi. Akaiwasha. Kimya. Jasho likamtoka shujaa. Akaifungua mgongo, akakwangua kutu kwa wembe, na Bi Tawakali akatoa betri za redio yake, ingawa matangazo ya vifo yalikuwa hayajaisha.

Tarakimu zikawaka.

Akarudi nyuma mita kumi na mbili toka shinani, akapima pembe kwa kipimapembe na uzi uliofungwa jiwe: nyuzi hamsini na mbili. Akabonyeza, akajumlisha kimo cha jicho lake. Mita kumi na sita na sentimita themanini na sita.

“Bi Mkubwa,” alinena, “jiko lako litasalimika kwa zaidi ya nusu mita. Likiguswa, nitalijenga upya kwa mikono hii.”

“Mimi najua kupika tu, Mwalimu,” akajibu Bi Tawakali. “Wakate.”

Ardhi ikatetemeka, kuku wakahama mtaa. Vumbi lilipotua, Bi Tawakali alipima mwanya kwa mkono wake: dhiraa moja na kidogo. Akaingia jikoni, akakoroga uji.

Tangu siku hiyo watu wa Rasbura huhesabu miaka kwa namna mbili: kabla ya mnazi, na baada ya mnazi.